Kanisa Lisidai Mahakama ya Juu ya Kulipendeza

Maombi ya kutaka majaji wa Mahakama ya Juu waondolewe yalipofikishwa mbele ya Tume ya Huduma za Mahakama, kisha Mahakama Kuu ikaisimamisha tume hiyo Februari 2025 isiendelee nayo, mazungumzo makanisani hapa Kisumu yaligawanyika mara mbili. Wapo waliosema Mungu amewafikia majaji hatimaye, kwa kuwa Februari 2023 waliamua kwamba shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja lina haki ya kusajiliwa. Wapo pia waliosema mambo ya korti ni ya Kaisari, na Mkristo hana lake hapo isipokuwa kuwaombea walio mamlakani. Nadhani pande zote mbili zimelielewa jambo hili visivyo. Mahakama ya Juu inahitaji kurekebishwa, na Mkristo anayejali haki ana wajibu wa kuyadai marekebisho hayo waziwazi. Lakini kupata majaji wanaofikiri kama kanisa hakumo katika marekebisho hayo. Swali ni nani anayemwajibisha jaji, kwa utaratibu gani, na kama mnyonge aliye mbali na Nairobi anafikiwa na haki inayoamuliwa huko juu. Kanisa likilikosea swali hilo, litaishia kumsaidia mwanasiasa kubomoa kitu ambacho sisi wa Kisumu na Nakuru tulikilipia kwa damu.

Neno damu silitumii kwa mapambo. Desemba 2007, matokeo ya urais yalipobishaniwa, chama cha ODM, cha mgombea Raila Odinga, kilikataa katakata kwenda kortini, kwa hoja kwamba majaji walikuwa wa serikali ile ile iliyokuwa ikilalamikiwa. Korti ya juu kabisa wakati huo ilikuwa Mahakama ya Rufaa, na hukupata watu wengi katika mitaa yetu ya Kondele au Nyalenda walioamini kwamba mlalamishi angesikizwa huko. Ugomvi uliokosa korti ukahamia barabarani. Watu zaidi ya 1,100 walikufa na laki kadhaa wakafurushwa makwao. Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto waliodhani nyumba ya Mungu ingewakinga, na kabla ya mwezi huo kuisha Nakuru na Naivasha nazo ziliwaka. Hapa Kisumu, kama ilivyoeleza tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, wengi wa waliouawa walipigwa risasi. Mahakama ya Juu tuliyo nayo leo ilitokana na maafa hayo. Kifungu cha 163 cha Katiba kiliiunda na kuipa majaji saba, na kifungu cha 140 kikaipa siku 14 za kuamua kesi ya urais, ili mwenye kinyongo awe na mlango wa kubisha kabla hajaokota jiwe.

Viongozi wengi wa kanisa hawakuitaka Katiba hiyo. Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, maaskofu wa Katoliki na makanisa mengi ya kiinjilisti walipigia debe kura ya La mwaka 2010, hasa kwa ajili ya maneno ya kifungu cha 26 kuhusu uavyaji mimba, na kwa sababu Mahakama za Kadhi zilitajwa. Waumini wa Nyanza walisikiliza mahubiri hayo Jumapili, kisha Jumatano Agosti 4 wakaipitisha Katiba kwa wingi mkubwa. Sidhani walikuwa wameiasi imani yao. Waliona kwamba vifungu viwili vilivyowatia maaskofu wasiwasi havikutosha kukataa Katiba iliyowapa majaji ambao rais hangeweza kuwapigia simu. Na walikuwa na mwalimu wa zamani katika jambo hili. Henry Okullu, askofu wa Maseno Kusini aliyewahi kuhariri magazeti ya Target na Lengo, alijitokeza mwaka 1990 kudai vyama vingi na kikomo cha mihula miwili kwa rais, wakati kusema hivyo kungeweza kumpeleka mtu kizuizini. Okullu hakuomba Kenya ipewe rais mcha Mungu zaidi. Aliomba rais yeyote yule awekewe mpaka. Hiyo ndiyo siasa ya Kikristo ninayoitetea katika makala haya.

Tangu hapo Kisumu imeipima Mahakama ya Juu kwa kipimo kimoja tu, yaani uamuzi ulimwangukia nani. Machi 2013 majaji walipoitupilia mbali kesi ya marehemu Raila Odinga ya kupinga matokeo ya urais, na kukataa hati ndefu ya ushahidi kwa kuwa ilichelewa kuwasilishwa, korti iliitwa ya wakubwa. Septemba 1, 2017 majaji wanne dhidi ya wawili walipoufuta uchaguzi wa Agosti 8, mji uliokuwa bado ukiomboleza mtoto mchanga wa miezi sita aliyekufa kwa kipigo cha polisi Nyalenda uliingia barabarani kwa nyimbo, na Jaji Mkuu David Maraga akawa shujaa. Septemba 5, 2022 majaji wote saba waliukubali ushindi wa William Ruto, kwa lugha ya kejeli iliyowakera hata watu wasiompigia Raila kura, na korti ikarudishwa kwenye orodha ya maadui. Naelewa uchungu wa watu wangu. Hata hivyo ukiisifu korti inapokufaa na kuilaani isipokufaa, hutakuwa na la kusema siku mtu mwenye nguvu kuliko wewe atakapofanya vivyo hivyo, kwa sababu ulishakubali kwamba kazi ya jaji ni kuchagua upande.

Uamuzi wa Februari 24, 2023 ndio uliolifanya kanisa lifuate mkondo huo huo. Ofisi ya kusajili mashirika yasiyo ya kiserikali ilikuwa imekataa hata kuhifadhi jina la shirika lile. Majaji watatu, Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Njoki Ndung'u, walisema kukataa huko kulikiuka haki ya kujumuika. Mohamed Ibrahim na William Ouko walipinga. Vifungu vya sheria ya jinai vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja havikuguswa, na Mahakama Kuu ilikuwa imevidumisha mwaka 2019. Lakini mimbarini ilihubiriwa kwamba korti imehalalisha ushoga. Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, alirudi kortini kuomba uamuzi utazamwe upya, na Septemba mwaka huo ombi lake likakataliwa. Katika kanisa moja mtaani Manyatta niliona karatasi ya kukusanya sahihi za kutaka majaji wale watatu wafutwe, imewekwa juu ya meza ya bahasha za zaka, kalamu imefungwa kwa uzi. Mama mmoja anayeuza omena Kibuye aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hawa ndio wanaokaa na kesi yangu ya shamba?" Nikamwambia hapana, kesi yake iko chini sana kwa korti nyingine. Akairudisha kalamu mezani bila kutia sahihi. Nadhani alikuwa na picha sahihi ya tatizo la mahakama za Kenya kuliko mchungaji aliyeiandika karatasi ile.

Hoja ya kwamba majaji waondolewe kwa sababu ya uamuzi ule ndiyo dhaifu kuliko zote, na inafaa ielezwe kwa nini. Kifungu cha 168 kinataja sababu za kumwondoa jaji: kushindwa kazi kwa ajili ya ugonjwa wa mwili au akili, kukiuka maadili ya kazi, kufilisika, kutoiweza kazi, na utovu mkubwa wa nidhamu. Kutoa uamuzi usioupenda hakumo. Lakini hata tukiiweka sheria kando, kanisa lenyewe linaishi chini ya kivuli cha haki ile ile. Makanisa mengi yamesajiliwa kama vyama, na afisa wa serikali ndiye mwenye mhuri. Mwanzoni mwa 2016 Mwanasheria Mkuu alipochapisha kanuni mpya za kusimamia makanisa, wachungaji walipiga kelele nchi nzima hadi zikaondolewa. Baada ya miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja kufukuliwa msitu wa Shakahola mwaka 2023, serikali ilirudi na nia ya kuyadhibiti makanisa, na Agosti mwaka huo usajili wa makanisa kadhaa ukafutwa. Kanisa dogo la bati huko Nyamasaria, lenye mafundisho ambayo afisa hayapendi, linalindwa na nini? Linalindwa na kanuni kwamba mwenye mhuri wa serikali hawezi kumnyima mtu haki ya kujumuika kwa sababu tu imani au mwenendo wake unamchukiza. Kanuni hiyo ndiyo majaji watatu waliisimamia. Anayetaka iwalinde Wapentekoste na isiwalinde watu wale anataka upendeleo, na upendeleo hudumu kadiri unavyoelewana na aliye mamlakani.

Kwa wale wanaosema tumwachie Kaisari, nitajibu kwa ufupi. Kifungu cha 159 kinasema mamlaka ya mahakama yanatoka kwa wananchi, kwa hiyo raia anayehoji namna mamlaka hayo yanavyotumika hajavamia shamba la mtu. Na Yesu alipotafuta mfano wa mtu wa kuigwa katika kuomba bila kukata tamaa, alimchukua mjane aliyemrudia hakimu dhalimu hadi hakimu akachoka naye.

Sasa nije upande ambao mimi na wenzangu wa msimamo wa kimaendeleo hatupendi kuuangalia. Tuliufurahia uamuzi wa 2023, na kwa furaha hiyo wengi wetu tukawa watetezi wa korti kwa lolote. Haukupita mwaka. Januari 18, 2024 Mahakama ya Juu ilimpiga marufuku wakili mkuu Ahmednasir Abdullahi asifike mbele yake, yeye pamoja na mawakili wa kampuni yake, kwa muda usiojulikana, kwa sababu ya mashambulizi yake ya miaka mingi dhidi ya majaji katika vyombo vya habari na mitandaoni. Hakuitwa kwanza ajieleze. Mlalamishi, mwendesha mashtaka na mwamuzi walikuwa watu wale wale. Na aliyeumia zaidi ni mteja, mtu aliyekuwa amelipa wakili, amesubiri zamu yake, kisha anaambiwa atafute mwingine kwa kosa ambalo si lake. Korti iliyosema afisa hawezi kuwafungia watu mlango kwa kutopendezwa nao ilimfungia mtu mlango kwa kutopendezwa naye. Ikiwa maneno ya wakili yule yalivuka mpaka, Chama cha Wanasheria kina utaratibu wa nidhamu, na sheria ya kashfa ipo kwa kila raia, majaji wakiwemo. Wanaoomba majaji waondolewe wanalitaja tukio hili, na hapo wana hoja nzito. Kuna pia madai ya rushwa, ambayo hayajathibitishwa na ambayo siyarudii hapa. Ila madai ya aina hiyo yasipochunguzwa na mtu anayeaminika, yanabaki yakiozea hewani na kumchafua hata jaji safi.

Nani basi ayachunguze? Hapa ndipo pa kusimama kwa muda, maana hapa ndipo ubovu ulipo, na sijasikia mhubiri yeyote akipagusa. Ombi la kumwondoa jaji hupelekwa kwa Tume ya Huduma za Mahakama yenye wanachama 11. Mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Mwanachama mwingine ni jaji aliyechaguliwa na wenzake wa Mahakama ya Juu kuwawakilisha. Ombi likiwahusu majaji wote wa korti hiyo, wawili hawa ni washtakiwa na waamuzi kwa wakati mmoja. Tume ikiridhika kwamba kuna msingi, ombi huenda kwa Rais, naye ana siku 14 za kuwasimamisha majaji kazi na kuteua jopo la kuwachunguza. Rais huyo anaweza kuwa yule ambaye ushindi wake uliamuliwa na majaji hao, au ambaye kesi yake ijayo itafika mbele yao. Jopo likimpata jaji na hatia, jaji ana siku kumi za kukata rufaa, na rufaa yenyewe, kwa mujibu wa kifungu cha 168, inasikizwa na Mahakama ya Juu. Yaani rufaa ya jaji wa Mahakama ya Juu inaamuliwa na wenzake wa meza moja, na kama ni wote waliosimamishwa, hakuna wa kuisikiza. Ongeza hili: korti hiyo haiwezi kuketi bila majaji watano. Wote wakisimamishwa karibu na Agosti 2027, kesi ya urais itakosa pa kusikizwa, na siku 14 za Katiba zitaendelea kuhesabika. Tutakuwa tumerudi Desemba 2007, safari hii kwa mikono yetu wenyewe.

Wanaoogopa fagio la kufagia wote wana historia upande wao. Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja liliwaondolea majaji ulinzi wa ajira, rais akaweza kuwaachisha kazi atakavyo, na ulinzi huo haukurudi hadi 1990. Aliyefaidika si mwananchi. Mwaka 2003 serikali mpya ya muungano wa NARC, ambayo wengi wetu makanisani tuliishangilia, ilipasua mahakama kwa kile kilichoitwa upasuaji mkubwa: majaji 23 na mahakimu 82 walitajwa kuwa wafisadi, majina ya majaji yakaanikwa magazetini kabla hawajasikizwa, na wengi waliondoka kimya kimya kuliko kukabili jopo. Miongoni mwa waliotajwa ni Philip Waki. Alikataa kuondoka, akasikizwa, akaondolewa lawama. Miaka michache baadaye ndiye aliyeongoza tume iliyoandika jinsi watu wa Kisumu walivyopigwa risasi, na kukabidhi bahasha ya majina iliyowafikisha vigogo kwenye korti ya kimataifa ya jinai huko The Hague. Angalikunja virago kama alivyotakiwa, sijui nani angaliiandika ripoti ile kwa ujasiri huo. Mfano huo mmoja unanitosha kuukataa ushangiliaji wa kuwatimua majaji kwa jumla, hata pale ninapoamini kwamba kati yao yupo asiyestahili.

Tena maneno ya wenye nguvu tumeyasikia. Uhuru Kenyatta aliwaita majaji wakora saa chache baada ya kushindwa kesi ya 2017, na kuahidi kwamba angewarudia. Kabla ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba mwaka huo, dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi, na kesho yake ni majaji wawili tu, Maraga na Isaac Lenaola, waliofika kusikiza kesi ya kuahirisha uchaguzi. Rais Ruto naye aliuanza mwaka 2024 kwa kuwashutumu majaji kwamba wanahongwa ili kukwamisha miradi yake, hasa ada ya nyumba na bima mpya ya afya. Mkristo anayebeba bango la kuwatimua majaji aangalie ni nani mwingine ameshika upande wa pili wa bango hilo. Pamoja na hayo, siwezi kuwafuata wanaotoka kwenye hofu hii na kusema korti iachwe ilivyo. Uhuru wa mahakama ulitolewa ili jaji asimwogope rais. Haukutolewa ili jaji asihojiwe na yeyote.

Baadhi ya wenzangu hutazama Marekani, ambako Wakristo wa mrengo wa maendeleo wamechoshwa na Mahakama ya Juu ya kwao tangu ilipofuta Juni 2022 haki ya kutoa mimba iliyodumu tangu 1973. Kuna wanaotaka majaji waongezwe kupita tisa, idadi iliyowekwa mwaka 1869. Kuna wanaotaka kikomo cha miaka 18, pendekezo ambalo Rais Joe Biden alilikubali Julai 2024. Kiu yao ya kikomo naielewa, kwa sababu kwao jaji huketi hadi afe au ajiuzulu mwenyewe. Sisi jaji hustaafu akifika miaka 70, na Jaji Mkuu haruhusiwi kupita miaka kumi katika kiti hicho. Wanachokipigania wao, kwa sehemu kubwa, sisi tulikiandika mwaka 2010. La kuongeza majaji silikubali kabisa. Franklin Roosevelt alilijaribu mwaka 1937, akiwa na watu nyuma yake na sababu nzuri, na Maseneta wa chama chake mwenyewe wakamkatalia. Wakristo wa kihafidhina wa Marekani walitumia karibu miaka 50 kuitafuta korti iliyo yao, wakaipata. Wanaowapinga sasa wanaitafuta iwe yao. Kanisa la pande zote mbili limejifunza kuhesabu majaji kama viti vya Bunge, na sioni ni jambo gani hapo Mkenya anapaswa kuiga.

Kuna hoja moja ya makanisani ninayoiheshimu zaidi: kwamba tuwatafute majaji wacha Mungu, kama Yethro alivyomshauri Musa achague watu wa kweli wanaochukia mali ya udhalimu. Mfano unaotajwa daima ni Maraga, mzee wa kanisa la Waadventista kutoka Nyamira, aliyewaambia waliomhoji mwaka 2016 kwamba hangefanya kazi Sabato. Ninamheshimu. Ila uamuzi wa 2017 haukusimama kwa sababu aliyeusoma anasali. Ulisimama kwa sababu korti iliagiza tume ya uchaguzi ifungue mitambo yake ikaguliwe, tume ikakosa kutii ipasavyo, na majaji wakaandika wazi kwamba kukataa huko kunaihukumu tume yenyewe. Mtu asiye na dini angeweza kuandika maneno yale yale. Na mwaka 2023, makanisa yaliyopinga Katiba kwa ajili ya Mahakama za Kadhi yalijikuta upande mmoja na Jaji Ibrahim, Mwislamu, dhidi ya majaji Wakristo. Yethro mwenyewe hakuishia kwenye tabia. Alipanga wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, ili watu wasisimame tangu asubuhi hata jioni wakimsubiri mtu mmoja. Nusu ya ushauri wake ilihusu foleni.

Na foleni ndiyo aliyonieleza yule mama wa Kibuye baada ya ibada. Shamba la marehemu mumewe huko Siaya linadaiwa na shemeji. Kesi yake hutajwa, huahirishwa, hutajwa tena. Siku moja faili haionekani, siku nyingine hakimu yuko kwenye semina. Tangu stakabadhi zianze kuwasilishwa kwa mtandao, yeye hulipia saiba kuskani karatasi, kisha anaambiwa masijalani kwamba hazikuonekana kwenye mfumo, arudie. Mama huyu hatafika Mahakama ya Juu maishani mwake. Lakini anatawaliwa nayo kila siku, kwa kuwa kile majaji saba wanachosema kuhusu urithi, ardhi na haki ya kusikizwa ndicho hakimu wa chini analazimika kukifuata. Akiwa hana wakili na sheria ya msaada wa kisheria ya 2016 haijatengewa pesa za maana, haki iliyoandikwa Nairobi inaishia kwenye kabati la masijala. Kuna jema lililofanyika, na ni haki lisemwe: korti za madai madogo, zilizoanza kazi mwaka 2021 kwa kesi zisizozidi shilingi milioni moja na zinazopaswa kuamuliwa ndani ya siku 60, zimewasaidia wafanyabiashara wadogo hapa mjini. Kesi ya shamba haiingii humo.

Kwa hiyo Mkristo adai nini? Kwanza, ombi linapomgusa Jaji Mkuu au korti nzima, wanachama wanaohusika wajiondoe kwenye tume, na sheria iseme ni nani anayeshika kiti badala yao. Tume ipewe muda maalumu wa kupepeta kila ombi na ichapishe sababu zake, liwe limekubaliwa au limekataliwa, ili mwombaji wa chuki aumbuke hadharani na mwombaji wa kweli asipuuzwe gizani. Mengi ya hayo Bunge linaweza kuyafanya kwa sheria ya kawaida. Kumwondolea Rais uteuzi wa jopo, na kutafuta pengine pa kupeleka rufaa ya jaji wa Mahakama ya Juu, kutahitaji kubadilisha Katiba, na kwa kuwa suala ni uhuru wa mahakama huenda tukalazimika kwenda kura ya maoni. Ni afadhali tuulizwe hilo kwenye kura kuliko tuligundue katikati ya mgogoro. Pili, pesa za msaada wa kisheria zidaiwe kwenye vikao vya bajeti kwa bidii ile ile iliyotumika kukusanya sahihi mwaka 2023. Na kanisa litakalodai haya lisipokee bahasha za wanasiasa. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni ya Rais, na kwa siku chache watu walisikiliza maaskofu kwa makini mapya. Kumbukumbu la Torati linamkataza mwamuzi kupokea zawadi kwa kuwa inapofusha macho. Mchungaji anayeipokea Jumapili hana ujasiri wa kumhoji jaji Jumatatu.

Lipo pia jambo ambalo halihitaji Bunge wala kura ya maoni. Nafasi ya jaji inapotangazwa, tume huchapisha majina ya walioomba na kuwakaribisha wananchi waandike wanayoyajua juu yao, kisha mahojiano hufanyika hadharani. Makanisa yana waumini waliowahi kusimama mbele ya majaji na mawakili hao: wajane, wafanyakazi waliofutwa, wakulima wa miwa wa Muhoroni na Chemelil, na wanajua nani husoma faili na nani hapokei simu. Dayosisi ingeweza kuketi nao, kuandika ushuhuda wao bila kuongeza chumvi, na kuupeleka tumeni kwa wakati. Tena katika tume hiyo kuna viti viwili, cha mwanamke na cha mwanamume, vya watu wasio wanasheria wanaowakilisha umma. Rais huwateua kwa idhini ya Bunge la Kitaifa, na wengi wetu hatuwezi hata kuwataja. Sinodi na mabaraza ya makanisa yatakapokutana kabla ya uchaguzi wa 2027, ningependa viti hivyo viwili viwe ajenda ya kwanza: watu hao wapatikane kwa maombi ya wazi, wahojiwe mbele ya umma kama majaji wanavyohojiwa, na watembee hadi kwenye korti za Siaya, Molo na Bungoma kuuliza faili ziko wapi.